Semi ya dizeli: matunzo ya kila siku na ubovu unaojirudia

Semi nyingi (malori yenye kichwa cha mbele kinachovuta tela) zinazolala njiani hazijavunjika chuma. Zimekwama kwa sababu kitu kimekaa mahali pasipo pake: maji kwenye mitungi ya upepo, hewa kwenye paipu ya dizeli, vumbi ndani ya tabo (mashine inayosukuma hewa kwenye injini), oili juu ya lainingi za breki (bitana zinazosugua dramu). Ukijua kila kitu kinapenyea wapi, nusu ya ufundi umeshaupata.

Vipimo vilivyotolewa hapa ni vya kawaida kwa injini za lita 11 hadi 15 na ekseli zenye breki za dramu. Kitabu cha gari lako kikisema vingine, fuata kitabu.

Kabla ya kuingia uvunguni

Egesha mahali tambarare na pagumu, kisha weka kabari mbele na nyuma ya tairi. Hendbreki haitoshi, kwa sababu kazi nyingi za breki zinafanyika ikiwa imeachiwa. Jeki ni ya kuinulia tu. Ekseli ikishapanda, ishushe juu ya stendi za chuma. Kebini ikiinamishwa, ifike mwisho wa mwendo wake hadi kufuli ishike. Toa kwanza vitu vilivyolala ndani, maana spana iliyosahaulika kitandani hushukia kwenye kioo cha mbele.

Upepo wa breki

Kila siku fungua valvu iliyo chini ya kila mtungi na uache upepo utoke hadi usikie mkavu. Anza na mtungi wa kwanza kutoka kwenye kompresa, kwa kuwa maji mengi hukusanyika humo. Usimwage tu, angalia kinachotoka. Matone machache ya maji safi hayana neno. Maji mengi kila siku yanasema kikaushio cha upepo kimechoka. Kwa kawaida katriji yake hubadilishwa kati ya mwaka 1 na miaka 3, na mapema zaidi pale kompresa inapofanya kazi muda mwingi. Tope la kahawia lenye mafuta ni habari nyingine: kompresa inapitisha oili, ama ringi zake zimelika, ama njia ya kurudishia oili kwenye injini imeziba. Kubadilisha katriji bila kuishughulikia kompresa ni kutupa katriji, kwani mpya nayo italowa vilevile.

Kupima uvujaji hakuhitaji kifaa chochote zaidi ya geji ya deshibodi na saa:

1. Weka kabari, washa injini na ujaze upepo hadi kompresa ijikate. Magari mengi ya muundo wa Marekani hukata karibu na 120 hadi 130 psi (paundi za presha kwa inchi ya mraba). Ya Ulaya mara nyingi huenda juu zaidi.
2. Zima injini, achia hendbreki ya kichwa na ya tela, subiri sindano itulie, kisha hesabu dakika 1. Kichwa peke yake kisipoteze zaidi ya 2 psi. Kikiwa na tela, 3.
3. Kanyaga pedali hadi mwisho na uishikilie. Sindano itashuka kidogo mara moja, hiyo usiihesabu. Kuanzia hapo hesabu dakika nyingine: 3 psi kwa kichwa, 4 kikiwa na tela.
4. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha kanyaga na kuachia mara nyingi. Taa na king'ora cha upepo mdogo viamke sindano ikifika karibu na 60 psi. Endelea, vitufe vya hendbreki viruke vyenyewe kati ya 45 na 20 psi.
5. Washa injini na uipe mzunguko wa kazi. Upepo upande kutoka 85 hadi 100 psi ndani ya sekunde 45. Ukichelewa, angalia kwanza kama chujio la hewa ya kompresa limeziba au paipu ya kutolea imejaa kaboni.

Hatua ya 2 na ya 3 zinakuonyesha pa kutafuta. Upepo ukivuja hata kabla hujakanyaga, shuku upande wa springi wa chemba za breki (makopo yanayogeuza upepo kuwa msukumo wa breki), hosi zake, au viungio vya tela. Ukivuja pale tu unapokanyaga, shuku diafram za breki ya mguu na hosi zinazotoka kwenye valvu ya mguu. Baada ya hapo chukua maji ya sabuni, upake kiungo kimoja kimoja. Kutafuta kwa masikio peke yake hupoteza saa nzima.

Sasa pima mwendo wa fimbo ya chemba. Upepo uwe kati ya 90 na 100 psi, injini imezimwa, hendbreki imeachiwa. Piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba, mtu akanyage pedali hadi mwisho, kisha pima alama imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya ukubwa wa 30, kikomo ni milimita 51. Chemba za mwendo mrefu za ukubwa huohuo huruhusu milimita 64. Utazitambua kwa vituta vya mraba kwenye matundu ya hosi. Fimbo ikipita kikomo, breki hupoteza nguvu haraka sana, na dramu ikipata joto na kutanuka hali inakuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana gari linaloonekana lina breki nzuri kwenye tambarare hukosa breki kwenye mteremko mrefu.

Ajasta ya mkono (mkono kati ya fimbo na breki unaorekebisha mwendo huo) hurekebishwa hivi: kaza nati hadi breki shuu iguse dramu na gurudumu ligome, kisha rudisha robo hadi nusu ya mzunguko. Unapokaza, kemu (shafti inayosukuma breki shuu) iwe inageuka kuelekea upande ule inaogeukia breki inapokanyagwa. Ikienda kinyume, unailegeza. Ajasta ya kujirekebisha yenyewe usiizoee kwa spana. Ikipita kikomo, ina sababu: bushi za kemu zimelika, pini imeliwa, dramu imekuwa nyembamba, au ajasta ilifungwa kwa pembe isiyo yake. Kuikaza kwa mkono huficha ugonjwa kwa siku chache na huichosha klachi ndogo iliyo ndani yake.

Lainingi ikibaki milimita 6 mahali ilipo nyembamba zaidi, badilisha, na ubadilishe magurudumu yote mawili ya ekseli ili gari lisivute upande mmoja. Lainingi iliyolowa oili haiponi. Wapo wanaoichoma moto au kuiosha kwa petroli. Oili iko ndani ya vitundu vyake, dramu ikipata joto hutoka tena. Tupa, badilisha pia oilisili ya habu iliyosababisha, maana bila hiyo lainingi mpya zitalowa wiki hiyohiyo.

Jambo moja halina mjadala. Chemba ya hendbreki ina springi yenye nguvu ya kuua. Kabla ya kuitoa, chukua bolti ndefu iliyo ubavuni mwake, iingize kwenye tundu la nyuma, izungushe robo ili ishike, kisha kaza nati hadi springi ibanwe kabisa. Mshipi wa chuma wa upande wa springi haufunguliwi kamwe, hata chemba ikiwa imekufa.

Oili ya injini

Injini kubwa hubeba lita 35 hadi 45, kwa hiyo andaa chombo cha lita 50 au zaidi. Umwagaji ni wa kawaida, lakini una mitego yake:

1. Endesha injini hadi ipate joto, zima, fungua bolti ya sampu na uache ichuruzike dakika 20. Oili baridi huacha uchafu chini.
2. Kagua sumaku ya bolti. Ukungu laini wa kijivu ni wa kawaida; vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.
3. Toa filta na uhakikishe raba yake imetoka nayo. Raba ya zamani ikibaki na mpya ikakaa juu yake, oili yote itamwagika dakika za kwanza.
4. Paka oili kwenye raba mpya, zungusha filta kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo 3 hadi mzunguko 1. Spana haihitajiki hapo.
5. Jaza, washa, tazama geji. Kama presha haijapanda ndani ya sekunde 15 hivi, zima na utafute sababu.
6. Zima, subiri dakika 10 hadi 15, pima kwa kijiti, ongeza ikipungua.

Kwa injini nyingi oili ni 15W-40 ya daraja la CI-4 au CK-4. Zenye chujio la masizi kwenye eksozi zinataka CK-4, au daraja jingine lenye majivu kidogo linalokubaliwa na mtengenezaji. Usihesabu kilomita peke yake. Lori linalosimama saa nyingi injini ikiunguruma huchakaza oili bila odomita kusogea, hivyo hesabu na saa za injini. Dizeli yenye salfa nyingi nayo hutoa asidi inayomaliza nguvu ya oili ya kujilinda, na hapo muda hupunguzwa.

Oili ikiwa kama maziwa, maji ya rejeta yameingia: kipoza oili, gasketi ya silinda hedi au slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hutembea). Kiwango kikipanda chenyewe na oili ikawa nyepesi yenye harufu ya dizeli, injekta (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) inamwaga au sili ya pampu imekatika. Usiendelee kuendesha katika hali zote mbili, beringi za kranki hazitakusubiri.

Dizeli: maji na hewa

Pampu na injekta za mfumo wa komoni reli (bomba moja la presha linalogawia injekta zote dizeli) hufanya kazi kwa presha inayopita bar 1,600, na nafasi kati ya vyuma vyake ni ya maikroni chache. Tone la maji linatosha kuondoa utando wa dizeli unaovilainisha. Mwaga kitenganisha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, wakati maji yametulia chini, hadi dizeli safi ianze kutoka. Badilisha filta zote mbili kwa pamoja, ile ya kwanza yenye kitenganisha maji na ile laini.

Kosa linalofanyika sana ni kujaza filta laini kwa dizeli ya ndoo kabla ya kuifunga. Dizeli inayomiminwa kwenye tundu la katikati haichujwi; inakwenda moja kwa moja kwenye pampu na uchafu wa ndoo. Funga filta ikiwa tupu, kisha toa hewa hivi:

1. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya nyumba ya filta.
2. Sukuma pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila mapovu. Huenda ikachukua misukumo mia au zaidi, usikate tamaa katikati.
3. Kaza skrubu, endelea kusukuma hadi pampu iwe ngumu.
4. Piga stata isizidi sekunde 30, pumzisha dakika 2, rudia.

Injini za zamani zenye pampu ya kimekanika ziliruhusu kulegeza nati za paipu kwenye nozeli wakati stata inazungusha. Kwenye komoni reli usijaribu. Wala usitafute uvujaji wa paipu za presha kwa kidole: dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo hilo huhitaji upasuaji wa haraka. Tumia kipande cha kadibodi.

Lori linalowaka asubuhi likazima, au linalozungusha stata muda mrefu lakini mchana linawaka vizuri, mara nyingi limekula hewa. Hapa mafundi wengi hupotea, kwa sababu wanatafuta mahali panapodondosha. Upande wa kunyonya, kati ya tangi na pampu, hauvujishi dizeli nje. Unavuta hewa ndani, na kiungo kinabaki kikavu. Funga kipande cha paipu inayoonyesha ndani kabla ya pampu ya kuvutia, washa, tazama. Mapovu yakipita, rudi nyuma kiungo kwa kiungo: raba ya bakuli la kitenganisha maji, valvu yake ya kumwagia, washa za shaba, hosi zilizopasuka kwenye kona. Kama shida inakuja tu tangi likifika nusu, paipu ya kunyonyea iliyo ndani ya tangi imepasuka katikati.

Lori likikosa nguvu polepole, kisha likapona ukifungua kifuniko cha tangi na kusikia hewa ikiingia kwa kishindo, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Hakuna cha kununua hapo.

Maji ya kupoza

Maji matupu yanaua injini hizi taratibu. Slivu nyingi zimekaa katikati ya maji, na kila mlipuko wa silinda huzitikisa. Mtikisiko huo huzaa mapovu madogo kwenye ukuta wa nje wa slivu, na yanapopasuka hung'ata chuma mahali palepale, mara nyingi kwa siku, hadi tundu litokee na maji yaingie kwenye oili. Dawa iliyomo ndani ya kulanti (kimiminika cha kupozea injini) hufunika chuma kwa utando wa kukilinda. Tumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa madini, pima kwa refraktomita, na kwa kulanti ya kawaida pima pia kiwango cha dawa kwa vijikaratasi vyake. Usichanganye aina mbili kwa kutazama rangi; rangi si kipimo cha kilichomo.

Joto likipanda, anza na nje: rejeta iliyozibwa na vumbi na wadudu, feni isiyoshika, mkanda uliolegea, kifuniko kisichoshika presha. Thamostati na pampu ya maji vifuate. Rejeta ya moto haifunguliwi kwa sababu yoyote.

Hewa ya injini

Chujio la hewa hubadilishwa kwa kipimo cha mkwamo (jinsi hewa inavyozuiwa kupita), si kwa macho. Kikomo cha kawaida ni kilopaskali 6 hivi, na lori nyingi zina kiashiria kidogo kwenye bomba kinachogeuka rangi nyekundu. Chujio lenye vumbi kidogo huchuja vizuri kuliko jipya kabisa, na kila unapolifungua bila sababu unaangusha vumbi upande safi. Kulipuliza kwa kompresa hutoboa karatasi matundu yasiyoonekana.

Moshi mweusi na nguvu ndogo mara nyingi ni hewa iliyopungua baada ya tabo. Ziba ncha mbili za intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) na hosi zake kwa vifuniko vilivyofungwa kwa minyororo ya usalama, jaza upepo hadi 30 psi, funga, hesabu sekunde 15. Presha ikishuka zaidi ya 5 psi, kuna uvujaji wa kurekebisha. Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyoungua au maji ndani ya silinda. Wa buluu ni oili, na tabo ni mshukiwa sawa na ringi. Baada ya kazi nzito acha injini iungurume polepole dakika 3 hadi 5 kabla ya kuzima, ili oili iendelee kupoza shafti ya tabo.

Magurudumu, grisi na viungio

Nati za gurudumu za M22, kwenye rimu inayokaa juu ya habu yenyewe, hukazwa kwa mpangilio wa nyota hadi niuta-mita 610 hadi 680 kwa spana ya toki. Bunduki ya upepo ni ya kusogezea nati tu. Safisha kwanza kutu na rangi kwenye nyuso zinazogusana. Rangi nene huliwa, kisha nati hulegea. Kaza tena baada ya kilomita 80 hadi 160. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati inasema zimeshalegea.

Tairi zilizoungana mbili mbili zipimwe kwa geji, kila moja peke yake. Ya ndani ikipungua, ya nje hubeba mzigo wa zote mbili, na kwa kuipiga teke hutajua.

Kingpini za stelingi zipigwe grisi ekseli ikiwa imeinuliwa, vinginevyo grisi haifiki kwenye beringi ya chini inayobeba uzito. Krosi za propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu) zipigwe grisi hadi grisi mpya itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikikataa, tikisa propela na ujaribu tena, na kikizidi kukataa badilisha krosi. Bushi za kemu ya breki hupewa kidogo, maana inayozidi huishia kwenye lainingi.

Umeme na eksozi

Betri iliyopumzika iwe na volti 12.6; ikiwa 12.4 ina robo 3 ya chaji. Stata ikizungusha, betri ya volti 12 isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, mfumo wa volti 24 uonyeshe kati ya 27.5 na 28.8. Betri zilizoungana zibadilishwe zote pamoja, mbovu moja huzimaliza nzima. Na kabla ya kulaumu stata, safisha kiungo cha waya wa ethi kwenye fremu.

Kwenye eksozi za kisasa, maji ya urea ni ya asilimia 32.5 na huganda yakifika nyuzi 11 chini ya sifuri. Dizeli ikimiminwa kwenye tangi hilo kwa bahati mbaya, usiwashe hata swichi. Kiasi kidogo tu huharibu raba za mfumo mzima. Chujio la masizi likiziba tena na tena, kuchoma masizi yake kila mara hakutibu kitu: tafuta injekta inayomwaga, intakula inayovuja au oili inayopita kwenye tabo.

Kuunganisha tela

Rudi nyuma hadi kufuli ya sahani (ile ya kichwa inayobeba tela) ipige. Funga breki za tela, kisha vuta mbele taratibu kwa gia ya chini. Halafu shuka ukatazame kwa tochi: taya ziwe zimeikumbatia pini ya tela kwa nyuma, na kati ya sahani na tela kusionekane mwanga. Ukiona mwanga, tela limekaa juu sana; shusha miguu yake kwanza ili ibebe uzito, fungua kufuli, weka kimo sawa na urudie.